Karani wa Mizani Aliyetaka Kiti

Barua ya kushindwa ilipomfikia, Karani wa Mizani aliipeleka kwa seremala wa barabara ya nane, akataka itiwe fremu. Seremala hakujua Kiingereza. Alidhani ni cheti, akampa mkono wa pongezi na kumpunguzia bei. Karani alivikataa vyote viwili. "Nimeanguka," alimwambia, "tena nimeanguka vibaya. Nitengenezee fremu ya mninga, na kioo kisiwe na doa." Ikatundikwa sebuleni kwake Ngamiani, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za nyumbani, aliambiwa kwanza atazame ukutani.

"Ile ni risiti yangu," alikuwa akisema. "Nimelipa ada, nimefanya mtihani, wamenijibu. Mwenye risiti ataona haya ya nini?"

Mimi yangu niliichana. Tulianguka siku moja, mtihani mmoja, na barua zetu zilifika kwa mfuko mmoja wa posta. Nilivitupa vipande vyake mtaroni, nikarudi ofisini na kuwaambia wenzangu kwamba matokeo bado. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka shule ya misheni huko Bondei, na nilijiona msomi. Yeye alikuwa amekwisha kupita arobaini na tano, na sijawahi kumsikia akijiita msomi hata kwa mzaha.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, msiniulize, kwa maana sikumwuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Mtang'ata, hicho mtu alikisikia tangu salamu. Jina lake analo, na waliomzika wanalijua. Mjini aliitwa Karani wa Mizani, hata mkewe alimwita Karani, nami sioni sababu ya kumbadilishia leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge ndio uliokuwa ukiilisha Tanga. Tulifanya kazi katika kampuni moja iliyonunua katani mashambani na kuipakia melini. Chini palikuwa na godauni, na juu, kwa ngazi ya mbao, palikuwa na ofisi. Mimi nilikuwa juu, naandika barua. Yeye alikuwa chini kwenye mizani, anapima marobota ya katani yakiingia na kutoka, anaandika uzito, anayatia alama. Kazi hiyo ilifanywa kwa kusimama. Kuanzia asubuhi mpaka king'ora cha jioni, mtu wa mizani hana kiti, kwa sababu akikaa haoni mshale. Alikuwa amesimama hivyo miaka kumi na minne. Miguu yake ilikuwa imetoka mishipa minene, na jioni aliikanda mwenyewe kwa mafuta ya nazi.

Sasa meneja akatangaza kwamba karani yeyote atakayepata cheti cha kutunza vitabu vya hesabu, mtihani unaotoka Ulaya kwa bahasha zenye lakiri, atapewa meza ya leja kule juu. Vijana wote tulichangamka. Tulizungumza habari za mshahara, za cheo, za kuitwa bwana. Karani wa Mizani alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akaitazama meza ile iliyokuwa tupu, halafu akasema mbele ya watu wote, "Nyie mnataka cheo. Mimi nataka kiti."

Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, sitajitoa.

*

Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye masikio makubwa yaliyoshika penseli mbili kwa mpigo, moja huku na moja huku. Suruali yake ya kaki ilikuwa na mkunjo ulionyooka hata saa kumi ya jioni, sijui aliupataje katika vumbi lile la katani linalomwingia mtu mpaka kooni. Ijumaa alivaa kanzu na kofia ya kiua aliyoshona mkewe, na siku hiyo hata wapagazi walipunguza matusi.

Robota likiwekwa mizanini, alilitazama mara moja na kutaja uzito kabla mshale haujatulia. Hakukosea kwa zaidi ya ratili mbili. Wapagazi waliwekeana dau la kikombe cha kahawa juu yake. Yeye mwenyewe hakucheza, akisema kamari ni haramu, ila wakibishana nani kashinda aliwaamua, tena kwa makini sana.

Na katika godauni lile hakukaa. Nataka mnielewe vizuri. Saa sita wapagazi walijinyoosha juu ya marobota, na makarani wa chini waligeuza madebe wakakaa. Yeye alikula mkate wake wa mofa amesimama, ameegemea nguzo. Nilimwuliza siku moja, "Shikamoo mzee, kwa nini hupumzishi miguu?"

"Marahaba. Nikikaa juu ya debe nitazoea debe," akasema. "Nami debe silitaki."

Nilimwona mbishi wa bure. Ubishi kweli alikuwa nao, tena wa kuchosha. Angeweza kugombana na muuza samaki nusu saa kwa ajili ya thumni, halafu thumni ile ile akampa mtoto wa muuza samaki anunue kashata. Aliwaambia vijana wote kwamba uongo humlemaza karani, naye alimdanganya mkewe kila muhula wa mtihani. Ada ya kujiandikisha ilikuwa kubwa, akamwambia ni pesa ya kutengeneza baiskeli. Mama yule hakuwa mjinga. Aliniita jikoni Jumapili moja, mkono umejaa unga. "Mwanangu, baiskeli hii imetengenezwa mara mbili na bado haina breki. Niambie kweli, ni mwanamke?"

"Si mwanamke, mama. Ni mtihani."

Akafikiri kidogo. "Afadhali angekuwa mwanamke," akasema, "ningemfuata kwake tukamalizana." Tukacheka wote wawili, na toka siku hiyo akawa anamuwekea mumewe shilingi chini ya mto, naye Karani anazichukua na kunyamaza. Waliendelea hivyo, kila mmoja akijua na kila mmoja akijifanya hajui.

*

Nilifikaje nyumbani kwake? Alinifuata yeye. Nilikuwa nimejificha na uongo wangu wa matokeo bado, naye akapanda ngazi, akainama mezani kwangu na kusema polepole, ili wengine wasisikie, "Mwanamisheni, barua zetu zilikuja pamoja. Niliona bahasha yako mkononi mwa mtu wa posta. Jumapili ukitoka kanisani pita kwangu. Tumeanguka wawili, tuinuke wawili."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilikwenda.

Majibu yetu yalikuwa yamebaki huko Ulaya, ila maswali tuliruhusiwa kuondoka nayo. Karani alikaa kibarazani, kwake nyumbani alikaa bila wasiwasi, akaandika upya majibu yake yote kwa kumbukumbu, hesabu baada ya hesabu. Sijaona kichwa kama kile. Kisha akanisukumia karatasi. "Nitafutie kosa. Mimi nimetafuta siku tisa sikuliona."

Nililiona kabla kahawa haijapoa.

"Mzee, mbona hukuvuka?"

"Nivuke wapi?"

"Hizi pauni kumi na mbili zimepokelewa kwa mteja. Katika daftari la fedha umeziandika kushoto. Ni sawa. Lakini kwenye leja, ukurasa wa mteja mwenyewe, umeziandika kushoto tena."

"Zimetoka kushoto, zimekwenda kushoto. Ulitaka nizipeleke Pangani?"

"Zinakwenda kulia, mzee. Kila kilichoandikwa upande huu katika daftari la fedha kinaandikwa upande wa pili katika leja. Lazima kivuke. Wewe umefanya hivyo toka swali la kwanza hadi la mwisho, hakuna hata kimoja kilichovuka."

Alichukua karatasi zake, akazikunja, akaingia ndani. Mkewe alitoka kuniambia kwamba Karani amelala. Saa tano ya asubuhi! Nikajua nimefukuzwa.

Juma zima hakunitazama. Nilimwamkia, naye akaiitikia mizani. Jumapili iliyofuata sikutia mguu kwake. Nilikuwa chumbani nafua shati, nikasikia hodi, naye ameingia na kitabu kirefu chekundu kilichofungwa kitambaani. Alikiweka juu ya kitanda changu kwa mikono miwili.

Kabla ya mizani, kumbe, alikuwa ameandika vitabu miaka kumi na mmoja katika duka la Mhindi mmoja mnunuzi wa mbata. Mhindi yule alimfundisha kwa desturi ya kwao Gujarati, na tarakimu za kwao. Katika desturi hiyo cha kushoto hukaa kushoto mpaka mwisho, cha kulia hukaa kulia, na hakuna kinachovuka. Duka lilipofungwa, mwenyewe akirudi kwao, alimwachia kitabu kimoja kuwa ukumbusho.

"Fungua," akaniambia. "Kagua popote upendapo. Halafu unitazame usoni uniambie kama mtu huyu hajui hesabu."

Nilikagua mpaka adhuhuri. Yeye alinisomea tarakimu, mimi nikajumlisha. Kila ukurasa ulikuja sawa, senti kwa senti.

"Hakuna kosa," nikamwambia.

"Basi waliokosea ni wale wa Ulaya?"

"Nao hawakukosea. Ni desturi mbili."

Alisimama. Nadhani ndipo nilipoanza kumwogopa kidogo, kwa namna nzuri. "Basi mimi sikushindwa hesabu," akasema. "Nimeshindwa desturi, na desturi mtu hujifunza. Lakini tazama barua yao. Tunasikitika, tunasikitika, ukurasa mzima wanasikitika, na hakuna mmoja aliyejiuliza, huyu aliyekosea mahali pale pale mara arobaini, kafundishwa na nani? Mtu asiyejua hesabu hukosea ovyo. Mimi nilikosea kwa utaratibu!"

Alipiga godoro langu kwa kiganja mpaka kitabu kikaruka. Nilimwambia pole. Akasema pole nimpelekee aliyefiwa.

*

Kujua kosa ni jambo moja, mkono ni jambo lingine. Mkono wake ulikuwa umefundwa miaka kumi na mmoja, na mtu akiwa na haraka mkono haumngojei. Nilimpa mazoezi, akavuka matatu, la nne likabaki kushoto. Alijitukana. Aliutukana mkono wenyewe, kwa jina la mkono. Mwishowe akachukua uzi wa katani godauni, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mgumu, unaokwaruza, ili kila akitaka kuandika aukumbuke upande wa kulia.

Lo, maneno ya Ngamiani! Siku ya tatu mtaa mzima ulijua kwamba Karani wa Mizani amekwenda kwa mganga Udigoni, huko Moa, amefungwa hirizi ya kupita mtihani. Wengine walitaja mpaka rangi ya kuku. Imamu alimwita baada ya sala ya alasiri, akamwuliza kwa upole kuna nini mkononi.

"Uzi wa katani, shehe. Umetoka kwenye robota, haujasomewa kitu."

"Basi waeleze watu, waache kusema."

"Waache waseme. Nikipita watataka anwani ya mganga, nami nitawaelekeza godauni."

Imamu alicheka, lakini Karani hakucheka. Nilimsihi amwage maneno, aeleze habari za kushoto na kulia, watu watamwelewa. Alikataa katakata. Alisema hana deni la maelezo kwa mtu ambaye hakuwahi kumwuliza kwanza.

Na mimi, mnataka kujua nilianguka kwa nini? Kwa usafi. Misheni tulifundishwa kupiga mistari miwili ya wino mwekundu chini ya kila jumla, kwa rula, bila kuvuja. Katika chumba cha mtihani nilipiga mistari mizuri ajabu, na muda ukaisha nikiwa nimejibu nusu ya maswali. Karani alipoiona namna yangu ya kufanya kazi alishika kichwa. "Umewapambia ukuta na nyumba haina paa." Akaninyang'anya rula. Nilipata rula yangu mtihani ulipokwisha. Alinifundisha kujumlisha pauni, shilingi na peni kwa jicho, safu nzima kutoka chini kwenda juu, huku yeye anahesabu kwa vidole mezani, tap, tap, tap, na nikichelewa ananiambia meli imeondoka.

Miezi mitano tulikwenda hivyo, kila Jumapili na kila saa sita ya mchana. Huenda ndiyo miezi niliyosoma kweli maishani mwangu.

*

Siku ya marudio tuliwekwa katika darasa la shule moja mjini, madawati mawili mawili. Kwa bahati, au kwa balaa, mimi na yeye tulipangwa dawati jirani, ujia katikati. Msimamizi alikuwa Mzungu mzee mwenye miwani. Aliuona uzi, akasimama juu yake. "Ondoa hicho."

Darasa zima liligeuka. Karani aliufungua taratibu, akampa msimamizi mkononi kwa heshima zote, akakaa sawa. Nilijisemea, amekwisha, sasa mkono utarudi Gujarati.

Haukurudi. Kila alipotaka kuandika, alisita kidogo sana, kama mtu anayetazama barabara kabla ya kuvuka, kisha akaandika.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo nimelikalia miaka mingi. Swali la mwisho, lile kubwa, pande zangu mbili zilikataa kulingana. Nilijumlisha mara tatu, nikapata majibu matatu. Zimebaki dakika kumi, nami nikageuza macho. Niliitazama karatasi ya Karani wa Mizani. Jumla yake ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa, wazi, pande zote mbili sawasawa. Nikaichukua, nikarudi nyuma nikatafuta nilipokosea mpaka nikafika kwenye jumla ile. Yeye alikuwa ameinama. Hakugeuza shingo yake hata mara moja, si kwangu, si kwa mtu yeyote.

Tulipita wote wawili. Wa tatu hakuwapo. Yeye barua ya kupita hakuitia fremu, aliitia sandukuni chini ya mashuka. Nilipomwuliza akajibu kwamba ile haihitaji kujitetea.

Jumatatu alikuja kazini amevaa koti. Alipanda ngazi moja kwa moja, akasimama mbele ya meza ya leja, hakukaa, anangoja aambiwe akae. Hakuambiwa. Karani Mkuu, ambaye alikuwa na mpwa wake wa kumkalisha pale, alikuwa amekwisha kumpitia meneja. Mzee wa mizani hajui Kiingereza cha kusema, alimwambia, amefaulu vipi? Alikaa karibu na kijana wa misheni. Amenakili.

Meneja akaniita. Karani wa Mizani alikuwa amesimama pale pale, na koti lake.

"Wewe. Sema kweli. Huyu mzee alitazama karatasi yako?"

Neno lilikuwa moja tu, hakutazama. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kichwani nilisikia swali la pili, je, wewe ulitazama? Nikaona cheti changu kinachanwa, nikaona baba yangu huko kwetu aliyekwisha kutangaza kanisani. Nikasema, "Sijui, Bwana. Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu."

Karani wa Mizani alinitazama. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alilivua koti, akalikunja juu ya mkono, akamwambia meneja kwa Kiswahili safi, "Mnasema nimenakili kwa aliyekaa karibu yangu. Vyema. Uko mtihani mwingine juu ya huu. Katika jengo hili hakuna aliyeufanya, si kijana huyu, si Karani Mkuu, na wewe Bwana, uniwie radhi, sijaona cheti chako cha huo. Nitaufanya. Mtatafuta nitakuwa nimenakili kwa nani."

Akashuka ngazi, akarudi kwenye mizani, akasimama.

Mimi ndiye niliyepewa kiti kile, mpwa wa Karani Mkuu akikosa kwa kuwa hakuwa na cheti. Nilikikalia miezi minne. Wallahi, japo mimi si wa kuapa hivyo, kiti kile kilikuwa na miiba. Nikaacha kazi, nikapata ukarani serikalini, bomani. Njia ya Ngamiani nikaizunguka.

*

Matokeo ya mtihani wa juu niyaseme hapa, nisimweke mtu roho juu. Aliupata. Kampuni ile haikumpa kitu, ila chama kimoja cha ushirika cha wakulima kilimchukua mwezi uliofuata awe mtunza vitabu wao, na mkewe aliniambia kwamba siku ya kwanza alikaa kutwa nzima hata alipoitwa kunywa chai. Lakini nataka kumalizia kwa siku ya mtihani wenyewe, kwa sababu ndiyo siku niliyomwona mara ya mwisho kwa karibu.

Ilikuwa imepita miaka mitatu. Bomani walihitaji msimamizi msaidizi wa mitihani, nikateuliwa. Niliingia darasani asubuhi na bahasha zangu, nikapanga madawati. Kwa mtihani wa juu palikuwa na jina moja tu. Lilikuwa lake.

Aliingia mapema. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa, na alitembea kwa shida, mguu mmoja akiuburuta. Koti lilikuwa lile lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana msimamizi. Nikae wapi?"

Nilimwonyesha dawati la mbele, peke yake, ukuta upande mmoja na dirisha upande wa pili. Alilikagua, akaliburura hatua nyingine mbili kutoka kwa wale vijana wa mtihani wa chini, mpaka akawa katikati ya uwazi. Ndipo akaketi.

Sikuweza kungoja. Niliinama, nikasema haraka haraka, "Mzee, siku ile mimi ndiye niliyetazama. Nilitazama jumla yako. Ndiyo maana sikuweza kusema."

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Kalamu yako ilikaa kimya muda mrefu, kisha ikaanza kukimbia. Mtu wa mizani hajui hayo?" Alitoa penseli masikioni, akazipanga. "Ningesema pale ofisini, wangetunyang'anya wote wawili, tena wangefurahi. Nikawanyima."

"Nisamehe, mzee."

"Saa yako imefika. Gawa karatasi." Halafu, nilipokwisha kugeuka, akaniita tena. "Mwanamisheni. Leo tazama. Leo umeajiriwa kutazama. Usipepese."

Sikupepesa. Saa tatu nzima nilisimama mbele yake, maana msimamizi hakai, na miguu ikaanza kuniuma kabla ya saa ya pili. Vijana wa nyuma wangeweza kubadilishana vitabu, nisingejua. Nilitazama mkono wake ukivuka, kushoto kwenda kulia, ukurasa baada ya ukurasa, bila uzi na bila kusita.

Mwisho alinikabidhi karatasi zake. Kulikuwa na fomu ya msimamizi, na chini yake nafasi ya maoni ambayo kila mtu huiacha tupu. Nilichukua kalamu, nikaandika mbele yake, kwa Kiingereza na kwa herufi zinazosomeka, kwamba mtahiniwa huyu alifanya kazi yote peke yake, kwamba nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba niko tayari kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Nikatia sahihi, jina langu lote na la baba yangu.

Yeye alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, anaisoma juu chini. Kisha akaweka kidole chake chenye sugu kwenye kona ya karatasi.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Nikaiweka.